Kituo cha Maji na Kituo cha Hongo: Tarikhi ya Kusimamisha Kandanda kwa Ajili ya Kiu

Mwezi wa Desemba mwaka 2025 Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, lilitangaza ya kwamba katika michuano ya Kombe la Dunia ya mwaka 2026, ambayo uenyeji wake wamepewa Marekani, Kanada na Meksiko, mwamuzi atausimamisha mchezo ifikapo dakika ya 22 ya kila kipindi ili wachezaji wapumzike na kunywa maji kwa muda wa dakika tatu. Na ya kuwa amri hiyo itashika katika michezo yote 104, liwe jua la utosini au manyunyu ya jioni, uwe uwanja ulio wazi au ule uliofunikwa paa na kutiwa hewa ya baridi. Kabla ya hapo mapumziko ya maji yalikuwa kama sunna, yakifanywa hari ilipozidi na kuachwa ilipopungua. Sasa yamekuwa faradhi, na kwa faradhi hiyo mchezo ambao tangu zamani ulikuwa na vipindi viwili umegawanyika robo nne, kwa vitendo ijapokuwa si kwa sheria.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina mnasaba gani na Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za mkoa wa Kagera ambazo wapenzi wake wa mpira, wakitaka kuiona ligi kubwa kwa macho yao, hawana budi kusafiri mpaka Kaitaba mjini Bukoba au kuvuka kwenda Mwanza, na ambao wengi wao, kwa kuwa nauli ni nauli, huridhika na redio au na benchi la mbao katika kibanda umiza kinachoonyesha mpira. Jawabu ni kwamba nchi hii inayo tarikhi yake katika mambo yote mawili yanayoshindaniwa, yaani kumsimamisha mtu ili anywe maji, na kumsimamisha ili alipe. Na mwenye kuifahamu tarikhi hiyo hatababaika sana atakapotakiwa atoe rai juu ya amri ya FIFA.

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Unyanyembe kwenda Karagwe ilipita katika nchi iliyoitwa Usui, ambayo leo imo katika sehemu za Biharamulo na Ngara. Kirangozi aliyetangulia mbele ya wapagazi alijua vituo vya namna mbili. Kituo cha kwanza kiliamriwa na ardhi yenyewe: palipo na kijito au kisima msafara ulitua, vibuyu vikajazwa, na watu wakanyoosha miguu, na palipokuwa pakavu walikaza mwendo hata wafike penye maji. Kituo cha pili kiliamriwa na mtawala wa nchi, wala hakikuwa na habari na kiu ya mtu yeyote. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke, akiwa pamoja na mwenzake Grant na msimamizi wao Sidi Mubarak Bombay, alizuiliwa Usui na watu wa mtawala Suwarora, siku baada ya siku, mpaka mapatano ya hongo ya nguo, shanga na nyaya yalipokwisha na ngoma ikapigwa ya kuwapa ruhusa. Suwarora hakufanya jambo la ajabu, maana hongo ilikuwa haki ya wenye nchi kama ushuru wa forodha ulivyo haki ya serikali leo. Lakini hakudai hata mara moja kwamba anawazuia wapagazi kwa kuwahurumia kiu yao.

Basi yeyote atakayeifuatia tarikhi ya mapumziko ya maji katika kandanda ataona kwamba yalianza kama kituo cha kwanza, na ya kwamba hatari yake leo ni kugeuka kuwa kituo cha pili.

Zama za kuona haya kunywa

Sheria za kandanda zilitungwa London mwaka 1863 na watu wa nchi ya ukungu na baridi, ambao mchezo wao ulikuwa wa majira ya kipupwe na ambao taabu yao kubwa ilikuwa matope. Haishangazi basi kwamba hawakuandika lolote juu ya kiu. Sheria hizo zilipochukuliwa na wamisheni, maofisa wa serikali na walimu wa shule mpaka katika nchi za jua, zilichukuliwa kama zilivyo, na pamoja nazo ikaja itikadi iliyodumu kwa muda mrefu, kwamba mwanamichezo hodari hanywi maji mpaka kazi imekwisha. Hata katika mbio za masafa marefu, ambako mtu hukimbia zaidi ya saa mbili, kanuni za kimataifa za katikati ya karne ya 20 zilimzuia mkimbiaji asipewe kinywaji hata awe amekwisha kuacha nyuma kilomita kadhaa. Wengi waliosoma katika shule zetu wanakumbuka onyo la mwalimu kwamba anayekunywa maji katikati ya mchezo atashikwa na kichomi, na mtoto aliyeiba funda moja bombani alilimeza kwa haraka kama mwenye kuvunja saumu mchana.

Ilimu iliyokuja kuibomoa itikadi hiyo haikutoka viwanjani bali kambini. Katika miaka ya 1950 kambi ya mafunzo ya askari wa majini wa Marekani katika Parris Island, South Carolina, ilisumbuliwa na vijana waliokuwa wakianguka mazoezini kwa hari, na wengine kufa. Constantin Yaglou na David Minard, waliopewa kazi ya kulichunguza jambo hilo na kutoa habari zake mwaka 1957, walitambua kwamba kipimajoto cha kawaida humdanganya mwenye kukitegemea, kwa sababu mwili wa binadamu hupoa kwa jasho linapokauka, na jasho halikauki hewa ikiwa imejaa unyevu. Wakatumia vipimajoto vitatu kwa pamoja: kimoja kimezungushiwa utambi uliolowa maji, ambacho huonyesha namna jasho litakavyoweza kukauka; cha pili kimetiwa ndani ya tufe jeusi la shaba na kuachwa juani, ambacho hupokea mwali wa jua kama kichwa cha mtu kinavyoupokea; na cha tatu ni cha kawaida, kimewekwa kivulini. Katika hesabu yao cha kwanza kilichukua sehemu 7 katika kila 10, cha pili sehemu 2, na cha tatu sehemu 1. Kambi zilizokifuata kipimo hicho ziliona wagonjwa wa hari wakipungua, na hadi leo ndicho ambacho mashirika ya michezo hukitumia.

Inafaa msomaji alizingatie jambo hilo: mapumziko ya maji yana asili yake katika kipimo. Askari hakusimamishwa kwa kuwa saa imefika. Alisimamishwa kwa kuwa vyombo vitatu vilivyotundikwa karibu ya kiwanja vimesema mwili wake hauwezi tena kujipoza.

Kutoka Meksiko hata Fortaleza

Kandanda ilichelewa kuipokea ilimu hii, na sababu ya kuchelewa ilikuwa ile ile ambayo leo inatajwa kuwa sababu ya kuharakisha, nayo ni televisheni. Kombe la Dunia lilipochezwa Meksiko mwaka 1970, na tena mwaka 1986, michezo kadha wa kadha ilianzishwa saa 6 adhuhuri, jua likiwa limesimama wima, ili watazamaji wa Ulaya waione wakati wa jioni yao. Na wachezaji walipolalamika, miongoni mwao Diego Maradona mwenyewe, waliambiwa kwamba kazi yao ni kucheza. Mwaka 1994 yakawa yayo hayo Marekani. Huko Orlando timu ya Ireland ilicheza na Meksiko katika jua la mchana, na kocha Jack Charlton alipiga kelele kwa uwazi juu ya maji ambayo vijana wake walinyimwa nafasi ya kuyanywa; na fainali ya Brazil na Italia, iliyokwisha bila bao na kuamuliwa kwa mikwaju ya penalti, ilianza mchana kweupe huko Pasadena katikati ya Julai.

Mchezo mkubwa wa kwanza ambao dunia nzima ilimwona mwamuzi akiusimamisha kwa ajili ya maji ulikuwa fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Beijing, tarehe 23 Agosti 2008, baina ya Argentina na Nigeria. Mchezo ulianza adhuhuri, na joto juu ya nyasi lilikaribia nyuzi 42. Mwamuzi Viktor Kassai wa Hungaria akapuliza filimbi mara moja katika kila kipindi, na wachezaji wakaenda pembeni wakanywa na kujimwagia maji vichwani. Argentina ilishinda kwa bao moja la Ángel Di María, wala hakuna aliyenung'unika kwamba maji yameharibu mchezo, kwa sababu kila mtu aliiona haja yake.

Miaka sita baadaye jambo lilihamia mahakamani. Mwezi wa Juni 2014, Kombe la Dunia likiwa tayari linachezwa Brazil, mahakama ya kazi ya nchi hiyo iliiamuru FIFA iwape wachezaji mapumziko kila kipimo cha hari kitakapozidi nyuzi 32, kwa hoja kwamba mchezaji, pamoja na mali yake yote na umaarufu wake, ni mfanyakazi kazini kama mpiga matofali, na sheria inayomlinda mmoja haina budi kumlinda na mwenzake. Mapumziko rasmi ya kwanza katika tarikhi ya Kombe la Dunia yakafanyika Fortaleza tarehe 29 Juni, Uholanzi ilipokutana na Meksiko.

Lakini siku hiyo hiyo ya kwanza ndipo tundu lilipoonekana. Uholanzi ilikuwa nyuma kwa bao moja, na mapumziko ya kipindi cha pili yalipofika kocha Louis van Gaal, badala ya kuwaachia watu wake wanywe na kupumua, aliwakusanya akawapangia mbinu mpya. Klaas-Jan Huntelaar akaingia uwanjani, Wesley Sneijder akasawazisha katika dakika ya 88, na Huntelaar akafunga penalti ya ushindi katika dakika za nyongeza. Van Gaal hakuficha. Alisema wazi kwamba aliyatumia mapumziko hayo kubadili mpango. Hakukosa, maana hakuna aliyemkataza. Walakini kuanzia hapo makocha wote walijua kwamba ndani ya chupa ya maji mna kitu kingine zaidi ya maji.

Walinzi wa sheria za mchezo walijaribu baadaye kuweka mpaka. Sheria ya 7 ilikuja kupambanua baina ya mapumziko ya kunywa, yasiyozidi dakika moja, na mapumziko ya kupoza mwili, ya kuanzia sekunde 90 mpaka dakika tatu, na muda wake ukaamriwa ufidiwe mwisho wa kipindi. Maneno hayo yana busara ndani yake, kwa kuwa yanakiri kwamba kiu na hari ni vitu viwili: mtu anaweza kunywa kwa dakika moja akakata kiu, lakini mwili uliochemka haupoi kwa funda la maji, hupoa kwa kusimama, kwa kivuli, na kwa taulo la barafu shingoni.

Afrika na faradhi

Bara letu lilitangulia kuifanya sunna kuwa faradhi. Mwaka 2019 Kombe la Mataifa ya Afrika lilihamishwa kwa mara ya kwanza kutoka Januari kwenda Juni na Julai, likachezwa Misri, na Shirikisho la Afrika, CAF, likatangaza mapumziko ya dakika tatu katika dakika ya 30 na ya 75 za kila mchezo. Watanzania wanayakumbuka mashindano hayo kwa sababu nyingine, kuwa Taifa Stars ilirejea humo baada ya miaka 39. Ikafungwa na Senegal mabao 2 kwa 0, na Kenya mabao 3 kwa 2, na Algeria mabao 3 kwa 0, na furaha iliyopatikana ni mabao ya Simon Msuva na Mbwana Samatta mbele ya jirani zetu. Majira yale yalikuwa ya kiangazi cha Misri, na aliyeijua Kairo ya Juni hakuona ajabu kwamba CAF imeweka amri.

Haja ya amri ilidhihirika zaidi katika mashindano yaliyochezwa Kamerun mwezi wa Januari 2022, tena kwa msiba ambao haukumpata mchezaji. Katika mji wa Limbe, ambako hewa ya bahari ni nzito kama ya Tanga au Lindi wakati wa kaskazi, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho katika dakika ya 85 ya mchezo wa Tunisia na Mali, akarejeshwa, akapuliza tena kabla ya dakika ya 90 kutimia. Watu walimcheka dunia nzima, mpaka ilipobainika kwamba alikuwa amepigwa na hari hata akili ikamruka, na yeye mwenyewe akaja kueleza kwamba alikaribia kuzimia asizinduke. Hili ni fundisho kwa wale wanaodhani mapumziko ya maji ni anasa ya wachezaji wa kisasa: hata mtu asiyepiga mpira, kazi yake ikiwa ni kukimbia na kuhukumu, aweza kunyang'anywa hukumu yake na jua.

Ulaya nayo iliifanya faradhi kwa muda, na sababu yake haikuwa jua. Ligi Kuu ya Uingereza iliporejea mwezi wa Juni 2020 baada ya kusimama kwa maradhi ya korona, wachezaji wakiwa wametoka majumbani bila mazoezi ya kutosha, kila kipindi kiliwekewa dakika moja ya kunywa, iwe mvua iwe jua. Makocha wakawa wanakuja na karatasi zao za mbinu, timu iliyokuwa ikishambulia ikapozwa, iliyokuwa ikizama ikapata pumzi, na msimu mpya ulipoanza desturi hiyo ikaachwa.

Kisha likaja Kombe la Dunia la Vilabu la mwaka 2025, lililochezwa Marekani katika wimbi la joto. Mjini Cincinnati wachezaji wa akiba wa Borussia Dortmund, timu yao ikicheza na Mamelodi Sundowns ya Afrika ya Kusini, walikiangalia kipindi cha kwanza wakiwa wamekaa chumba cha kubadilishia nguo, kwa sababu kukaa tu kwenye benchi la nje ilikuwa adhabu. Chama cha wachezaji wa dunia, FIFPRO, kilikuwa kimekwisha kusema kwamba kipimo cha nyuzi 32 ni kikubwa mno, kwamba mapumziko yangepasa kuanza kipimo kifikapo 26, na kwamba kikizidi 28 mchezo uahirishwe. FIFA haikukifuata kipimo hicho. Ilichofanya ni kuja na tangazo la Desemba, ambalo halina kipimo chochote ndani yake isipokuwa saa ya mwamuzi.

Hoja za pande mbili

Insafu yataka tuzisikie hoja za wenye kuitetea amri. Wanasema, kwanza, kwamba usawa ni roho ya mashindano, na haifai timu moja ipate mapumziko katika jua la Miami na nyingine iyakose chini ya paa la Atlanta, ilhali zote mbili zinawania kombe moja. Wanasema, pili, kwamba mwamuzi anayeachiwa auamue mwenyewe wakati wa kusimamisha mchezo hulaumiwa na timu iliyokuwa ikielekea kufunga, na amri isiyo na masharti humwokoa na lawama. Na wanasema, tatu, kwamba kukosea kwa kumpa mtu maji asiyoyahitaji ni kosa dogo kuliko kukosea kwa kumnyima anayeyahitaji.

Hoja ya tatu ni nzito, lakini haikamiliki. Maji nayo yana kipimo. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002, ukachapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba asilimia 13 yao walimaliza wakiwa na upungufu wa chumvi katika damu, na sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita haja, jambo ambalo kwa wachache huweza kuua. Mchezaji wa mpira hawezi kunywa kiasi hicho katika dakika tatu, hilo ni kweli. Walakini ilimu yenyewe inatuambia kwamba mwili haulindwi kwa kanuni isiyotazama hali ya mwili.

Hoja ya usawa nayo hujipinga. Wakicheza wawili, mmoja kwenye tanuri na mwingine kwenye ubaridi, kuwapa wote dakika tatu hakuwafanyi wawe sawa. Kunamwacha wa tanuri na shida yake na kumkatiza wa ubaridi raha yake. Usawa wa kweli ungekuwa kuuondoa mchezo wa tanuri saa 8 mchana na kuupeleka saa 2 usiku. Hapo ndipo shabaha inapoonekana, maana saa ya kuanza mchezo ni mali ya wenye televisheni, na watu walio tayari kutoa dakika tatu si lazima wawe tayari kutoa saa sita.

Tangazo lenyewe, lisisahauliwe, lilitolewa mjini Washington mbele ya mkutano wa watangazaji wa televisheni. Kandanda iliwaudhi wafanyabiashara wa matangazo kwa zaidi ya miaka hamsini, kwa kuwa dakika zake 45 hazina ufa ambamo tangazo la sabuni au la gari lingeweza kupenyezwa. Sasa ufa umepatikana, tena wenye saa maalumu unaoweza kuuzwa kabla. Michezo 104, kila mmoja ukiwa na dakika sita za mapumziko haya, hutoa dakika 624, yaani zaidi ya saa kumi, ambazo karibu zingetosha michezo saba kamili. Mimi sidai kwamba afya imetajwa kwa hila tu; madaktari wa mpira walioomba mapumziko waliyaomba kwa nia njema na kwa ushahidi. Nasema kwamba amri inayofanya kazi hata pasipo na hari haiwezi kuelezwa kwa hari peke yake, na akipenda chongo huita kengeza.

Kipimo kilichotoka Ngara

Turejee Kagera. Ngara iko juu ya vilima vilivyoinuka baina ya mita 1,200 na 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Biharamulo, ijapokuwa ina mabonde na misitu, nayo iko juu ya usawa wa Ziwa Viktoria, ambao ni mita 1,134. Mwezi wa Julai asubuhi huwa za baridi kali, jua la mchana huchoma lakini hewa ni kavu, na jasho hukauka kabla halijatiririka. Kipimo cha Yaglou na Minard, kama kingetundikwa hapa, kingeshindwa kwa mbali kufika nyuzi 32. Kwa mujibu wa hari, basi, mchezaji wa hapa hana dai.

Kwa mujibu wa maji, anayo madai. Katika nyingi ya shule zetu za vijijini kiwanja hukatwa pale kilima kilipojilegeza kidogo, magoli yakiwa miti ya mkaratusi, na nyuma ya goli moja pameegeshwa kidumu cha manjano kilichozibwa kwa gunzi la mahindi, pamoja na kikombe kimoja cha plastiki ambacho kitawazunguka wachezaji wote 22. Maji hayo yamebebwa kichwani kutoka bondeni na wanafunzi wenyewe kabla ya mchezo. Hakuna anayesubiri dakika ya 22: mpira ukipigwa juu na kuporomoka mteremkoni mpaka migombani, wawili hukimbia kuufuata na waliobaki hukimbilia kidumu, na mwalimu mwenye filimbi huangalia pembeni mpaka mpira urudi. Uwanja wenyewe umeweka mapumziko yake, na hayajapata kulalamikiwa na kocha yeyote.

Nchi hii ilikwisha kuonja ukosefu wa maji kwa kiasi ambacho dunia ililazimika kukiandikia kanuni. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, wakiikimbia Rwanda, wakatua Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Ziwa dogo la kuchimbwa lililokuwapo hapo ndilo lililowapa maji ya awali, na mashirika ya msaada yakashindana na wakati kuyasafisha na kuyagawa. Miezi mitatu baadaye, Goma, upande wa pili wa Rwanda, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wengine walikufa kwa kipindupindu. Tathmini kubwa ya msaada wa siku zile ilitolewa mwaka 1996, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa Sphere, ambao katika kanuni zake uliandika kwamba mkimbizi apate maji yasiyopungua lita 15 kwa siku. Ngara ilikuwa mojawapo ya madarasa ambamo somo hilo lilisomwa.

Tazama namna kanuni hiyo ilivyotungwa. Haikusema kwamba malori ya maji yasimame dakika kadhaa katika kila kambi ili ionekane kazi imefanywa. Ilianza kwa mwili wa mtu mmoja, ikauliza anahitaji kiasi gani aishi, kisha ikawafaradhishia wenye mamlaka wakilete kiasi hicho. Faradhi iko juu ya mwenye kutoa, na kipimo kiko kwa mwenye haja.

Hukumu

Mwandishi huyu, kwa hayo yote, ana rai kwamba mapumziko ya maji yana haki ya kuwamo katika kandanda ya kulipwa, na ya kwamba kuyafanya ya lazima katika kila mchezo ni kuyaharibu. Lililo lazima ni mambo matatu mengine. Maji safi yawepo kando ya uwanja wakati wote, na mchezaji aruhusiwe kuyafikia kila mpira unapotoka, kama Bundesliga ya Ujerumani ilivyofanya mwezi wa Aprili 2022 pale mwamuzi wa mchezo wa Augsburg na Mainz alipousimamisha kwa muda mfupi ili mchezaji Moussa Niakhaté afuturu. Tendo lile halikumdhuru mtu, kwa kuwa haja ilionekana na haikuzidishwa. Kipimo cha hari kisomwe hadharani kabla ya kila mchezo, na kikomo chake kishushwe kutoka 32 kuelekea pale wachezaji wenyewe wanapopataka. Na saa ya kuanza ipangwe na tabibu kwanza, kisha mwenye kamera. Mapumziko yakifanywa kwa kipimo hicho, wachezaji wabaki uwanjani na makocha wabaki kwenye maeneo yao, ili asitokee tena mtu wa kubadili mpango ndani ya chupa.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027 yamepewa Tanzania, Kenya na Uganda, na katika nchi hizi tatu mna Dar es Salaam, ambako shati hulowa kwa kusimama tu, na mna Arusha na Nairobi, ambako jioni mtu hutafuta sweta. Ligi yetu nayo, ambayo kwa desturi ya miaka mingi ilianza saa 10 alasiri jua likiwa limelegea, sasa ina michezo inayoanza saa 8 mchana ili kila mmoja upate nafasi yake kwenye televisheni. Wakuu wa mpira wa Afrika ya Mashariki wanaweza kuiga saa ya FIFA, au wanaweza kununua vipimajoto vitatu kwa kila uwanja, wakaamua kwa nyuzi wanazozisoma. Mtazamaji wa Ngara aliyelipa kiingilio chake kwenye kibanda umiza atastahimili dakika tatu za kumwona mchezaji wa Dar es Salaam akijimwagia maji. Akitakiwa kustahimili dakika hizo hizo katika mchezo wa Arusha wenye baridi, ana haki ya kuuliza, kama wapagazi wa Speke walivyokuwa na haki ya kuuliza, ni nani anayelipwa hapa.